Ile asilimia ya AI haipimi udanganyifu, inapima Kiingereza cha mtu

Siku hizi ukikaa karibu na steshenari yoyote ya wanachuo hapa Mwanza, hasa wakati ule wa kukusanya kazi, utasikia mazungumzo ya aina moja tu, nani kapigwa asilimia ngapi. Wala hawaongelei mtihani, wanaongelea zile asilimia za AI (akili mnemba), yaani mwanafunzi anapakia asaimenti au ripoti yake ya utafiti, mtambo unaisoma muda mfupi tu halafu unatoa namba kwamba kazi hii kiasi fulani imeandikwa na mashine. Namba ikiwa kubwa kazi inarudi, au unaitwa ofisini ujieleze, na wengine wanaambiwa waandike upya bila hata kuulizwa neno. Mtaani na mitandaoni watu wengi wanashangilia, wanasema vijana wa njia za mkato wamepatikana. Mi nadhani hili jambo tumelielewa kinyume. Ule mtambo hauna uwezo wa kujua nani kadanganya, unachopima ni jinsi Kiingereza cha mtu kinavyotabirika, na kwa namna sisi Watanzania tulivyokipata Kiingereza, yaani ubaoni, kwenye nots na past pepa, Kiingereza chetu lazima kitabirike. Kwa hiyo kesi nyingi zinazofika ofisini kama kesi za udanganyifu ni kesi za lahaja ya Kiingereza, na wanaozichunguza lahaja hizo walishaugusa mzizi wake zaidi ya miaka arobaini iliyopita, ila sijaona mahali wanaitwa pale sheria za vyuo zinapotungwa.

Tuanze na jinsi mtambo unavyofanya kazi maana hapa ndo uelewa ni mdogo sana. Wengi wanadhani kuna sehemu ChatGPT inatunza kila kitu ilichowahi kuandika na mtambo unaenda kulinganisha, kama ule wa zamani wa kukamata waliokopi vitabu na tasnifu za wenzao. Hapana. Ule wa kukopi una ushahidi, unakuonyesha sentensi yako na unakuonyesha ilikotoka, ukitaka kubisha una pa kuanzia. Huu wa AI hauna cha kukuonyesha. Kwa maelezo marahisi unasoma neno baada ya neno na kila mahali unajiuliza, hili lililofuata nililitegemea? Kama maneno mengi ni yale yale yaliyotegemewa unasema hii ni mashine, kwa sababu mashine kama ChatGPT zimejengwa kwa kuchagua neno linaloelekea kufuata. Kama kuna maneno ya kushtukiza, sentensi fupi inafuatwa na ndefu, msamiati unaruka huku na kule, unasema huyu ni mtu. GPTZero, ambao ni kati ya mitambo ya mwanzo kujulikana, ulitoka Januari 2023 ukiwa umetengenezwa na mwanafunzi wa Princeton anaitwa Edward Tian, na ulitangaza wazi kwamba unatumia vipimo hivyo viwili, kutabirika kwa maneno na kupanda na kushuka kwa sentensi. Iliyofuata ina ufundi zaidi, imelishwa mifano mingi ya maandishi ya watu na ya mashine, lakini kazi yake bado ni kutafuta mfanano, na mfanano hauwezi kukuambia nani alikaa usiku kucha anaandika.

Wenye mashine wenyewe wamelikubali hili. OpenAI, kampuni iliyoitoa ChatGPT Novemba 2022, ilileta mtambo wake wa utambuzi Januari 2023 ikasema yenyewe kwamba unakamata asilimia 26 tu ya maandishi ya AI na unawasingizia watu kwa asilimia 9, na kufika Julai mwaka huo huo ikauondoa kwa sababu usahihi wake ni mdogo. Yaani aliyeitengeneza mashine alishindwa kuyatambua maandishi ya mashine yake. Mwaka huo huo watafiti wa Stanford, Weixin Liang na wenzake, wakachukua mitambo saba wakaipa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza sio lugha yao ya kwanza, pamoja na insha 88 za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani. Insha za watoto wa Marekani zilipita karibu zote. Za TOEFL, kwa wastani asilimia 61 ziliambiwa ni za mashine, na insha 89 kati ya zile 91 zilikamatwa na angalau mtambo mmoja. Halafu wakafanya jambo ambalo kwangu ndo kiini cha utafiti wote, waliiambia ChatGPT izipambe zile insha za TOEFL ziwe na msamiati kama wa mzawa wa lugha, wakazipima upya, na kusingiziwa kukashuka mpaka kama asilimia 12. Insha iliyoandikwa na mtu kwa kichwa chake ilikamatwa, ilipopitishwa kwenye mashine ikaachiwa. Kwa hiyo mwanafunzi mwaminifu mwenye Kiingereza cha darasani anafundishwa na mfumo kwamba ukitaka kuonekana ni mtu nenda kwa mashine, na hiki ndo kinachofanyika sasa hivi, vijana wananunua bando kwa ajili ya programu za kuifanya kazi ionekane ya kibinadamu, na kati yao wapo ambao mwanzoni hawakuigusa AI kabisa. Namfahamu mmoja, kijana mtulivu anayesoma chuo kimojawapo huku Kanda ya Ziwa, sura ya pili ya ripoti yake aliiandika kwa mkono kwenye kaunta buku kwanza ndo akachapisha, na ndo sura iliyopigwa asilimia kubwa kuliko zote.

Sasa upande wa pili nao una hoja na sipendi kuupita haraka. Turnitin, programu ya kukagua kazi za wanafunzi ambayo ndo inatumika sana vyuoni duniani, haikuwemo kwenye ile mitambo saba ya Stanford. Wenyewe walipoleta kipengele chao cha AI Aprili 2023 walisema kinasingizia chini ya asilimia 1 ya kazi, na baadaye wakatoa ulinganisho wao kwamba kazi ikivuka maneno 300 hakuna tofauti kubwa kati ya wanaojifunza Kiingereza na wazawa wake. Nakubali kwamba mtambo mpya unaweza kuwa bora kuliko wa zamani, na nakubali kwamba insha za TOEFL ni fupi na andiko fupi siku zote ni gumu kupima. Lakini ulinganisho huo umefanywa na muuzaji wa bidhaa, na hata hiyo asilimia moja tuifanyie hesabu. Chuo chenye wanafunzi 4,000, kila mmoja akipakia kazi kumi kwa mwaka, ni kazi 40,000, asilimia moja ni kazi 400 za watu wasio na hatia kila mwaka, na kila moja nyuma yake kuna mzazi aliyeuza ng'ombe au mchele kulipa ada. Chuo Kikuu cha Vanderbilt kule Marekani kilipiga hesabu ya namna hiyo hiyo, mwaka 2022 walikuwa wamepokea kazi 75,000, wakaona zingekuwa 750 za kusingiziwa, na Agosti 2023 wakakizima kile kipengele. Hicho ni chuo chenye fedha na wanafunzi ambao wengi wamezaliwa ndani ya Kiingereza, sisi ambao wanafunzi wetu karibu wote wamekikuta shuleni tunakiwasha na kukiamini.

Na wahadhiri nao tuwaelewe jamani. Mtu ana darasa la watu mia tatu, hana msaidizi, asaimenti zinakuja kwa mkupuo, na ni kweli kabisa kuna wanafunzi wanachukua swali wanalibandika kwenye ChatGPT na kuleta jibu lilivyo, mwingine hata anasahau kufuta ile sentensi ya mwisho ambapo mashine inamuuliza kama anataka aongezewe mfano. Udanganyifu upo na ni mwingi, wala siandiki hapa kuutetea. Mhadhiri anatafuta kitu chochote kitakachompa nguvu ya kusema hapana. Shida yangu ni kwamba alichopewa hakijibu swali alilonalo.

Kuna tofauti moja ambayo watafiti wanaiona wazi ila ikifika kwenye ofisi zetu inapotea, nayo ni tofauti ya kujua habari za kundi na kujua habari za mtu mmoja. Dmitry Kobak na wenzake walipitia zaidi ya mukhtasari milioni 15 za tafiti za tiba zilizotoka kati ya 2010 na 2024, wakaangalia maneno gani yameongezeka ghafla kuliko kawaida baada ya ChatGPT kuja, na wakahitimisha kwamba angalau asilimia 13.5 ya mukhtasari za mwaka 2024 zilipitia kwenye mashine. Utafiti mzuri, hesabu zake zinaeleweka, na wala hawakumtaja mtu hata mmoja kwamba wewe umetumia, kwa sababu njia yao haiwezi kufanya hivyo na wanajua haiwezi. Ni kama vile mtu wa Mwaloni Kirumba anaweza kukuambia kwa uhakika kwamba msimu huu dagaa wengi sokoni wametoka Ukerewe, lakini ukichomoa dagaa mmoja kwenye sado ukamuuliza huyu katoka wapi, atakwambia hajui, na ukimlazimisha atabahatisha. Ofisi zetu zimechukua elimu ya soko zima zimeigeuza hukumu ya dagaa mmoja.

Sasa kwa nini nasema hii ni ishu ya lahaja. Mwaka 1984 kulikuwa na mkutano London wa kuadhimisha miaka hamsini ya British Council, na hapo Braj Kachru, mwanaisimu aliyezaliwa Srinagar, Kashmir, na kufundisha Illinois, alieleza wazo lake la duara tatu za Kiingereza ambalo lilichapishwa mwaka uliofuata. Duara la ndani ni Uingereza, Marekani, Australia na wenzao. Duara la nje ni nchi kama India, Nigeria, Kenya na sisi Tanzania, ambako Kiingereza kiliingia na ukoloni kikabaki kwenye shule, mahakama na ofisi. Duara linalopanuka ni kama China, wanaojifunza kwa ajili ya biashara na mawasiliano ya nje. Hoja nzito ya Kachru ilikuwa kwamba watu wa duara la nje hawakosei Kiingereza cha London kila wanapotofautiana nacho, wameshakuwa na kawaida zao zinazoshikilia, zinazorithishwa, zenye mantiki yake. Aliyempinga kwa nguvu ni Randolph Quirk, yule aliyeanzisha mwaka 1959 mradi mkubwa wa kukusanya na kuchunguza matumizi ya Kiingereza, ambaye mwaka 1990 aliandika kwamba walimu wakianza kumwambia mwanafunzi kila tofauti ni lahaja wanamnyima kile alichokuja kutafuta, Kiingereza sanifu kitakachompa kazi. Kachru akamjibu mwaka uliofuata. Ule mjadala haujaisha mpaka leo na una watu makini pande zote mbili, mimi mwenyewe nikimsoma Quirk namuona ana pointi, hasa pale anapomfikiria mtoto wa maskini ambaye shule ndo mlango wake pekee. Ila hao wawili walikuwa wanabishana kwa hoja, wanatoa mifano, wanajibizana kwa maandishi. Mtambo wa AI umeingia katikati ya mjadala wao na kutoa hukumu bila hoja yoyote, kwamba kipimo cha mtu ni Kiingereza cha duara la ndani na wengine wote ni washukiwa.

Halafu Tanzania ina upekee wake hata ndani ya hilo duara la nje, na hapa ndo penye utamu wa jambo lenyewe. Nigeria Kiingereza kimeingia mtaani, kuna watu wanagombana nacho, wanatongozana nacho, wanatukanana nacho. Sisi kazi hiyo yote inafanywa na Kiswahili. Chukua mtoto wa hapa Mwanza, nyumbani anasikia Kisukuma, au Kijita, au Kikerewe, au Kihaya, akitoka nje ni Kiswahili, shule ya msingi ya serikali ni Kiswahili tangu sera ya 1967, kivuko cha Ukerewe anakata tiketi kwa Kiswahili, sokoni Kiswahili, msikitini na kanisani hivyo hivyo, kisha anafika kidato cha kwanza anaambiwa kuanzia leo Jiografia na Biolojia ni kwa Kiingereza. Kiingereza chake chote kinatoka mahali pamoja, kwenye nots za mwalimu, kitabu kimoja wanachogombania watu wanane, na majibu ya mitihani iliyopita. Anafundishwa insha ya Historia ina utangulizi, hoja sita na hitimisho, kila hoja inaanza na neno lake la kuunganisha, mpangilio ni ule ule kutoka kidato cha kwanza mpaka cha sita, na akiuvunja anapoteza maksi. Hana Kiingereza cha utani wala cha hasira, hana cha bibi yake, hana methali zake. Ile rangirangi ambayo mtambo unaitafuta ili useme hapa kuna binadamu, kwa kijana huyu imekaa kwenye Kiswahili na Kisukuma, akiingia kwenye Kiingereza anaingia na kile alichopewa na shule tu, kilichonyooka, chenye adabu, chenye maneno yale yale. Kwa hiyo kadri alivyokuwa mwanafunzi mtiifu ndivyo atakavyokamatwa, na hilo linaniuma kwa kweli maana tuliwaambia wenyewe waandike hivyo.

Kuna hoja moja nimeisikia mara nyingi na ndo dhaifu kuliko zote, nayo inatoka kwa Watanzania wenzetu, eti Mtanzania hawezi kuandika Kiingereza safi namna hii kwa hiyo lazima ni mashine. Wanaosema hivyo wakibanwa wanakimbilia historia, na historia ipo ni kweli. Mwaka 1984 Clive Criper na Bill Dodd walikuja kuchunguza Kiingereza kwenye shule zetu wakakuta kiwango kiko chini mno kuweza kubeba masomo ya sekondari, na ajabu ni kwamba bado walishauri Kiingereza kiendelee kufundishia, na serikali ya Uingereza ikaleta mradi wa kukinyanyua. Miaka miwili kabla, 1982, tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilikuwa imependekeza sekondari ihamie Kiswahili kuanzia 1985, serikali haikukubali. Tangu hapo wasomi wetu kama Casmir Rubagumya na Martha Qorro wameandika sana kuhusu madhara ya uamuzi ule, na Qorro amekuwa akirudia kwamba wazazi tunachanganya kufundishwa Kiingereza na kufundishwa kwa Kiingereza. Lakini tazama tafiti hizo zinasema nini hasa. Zinasema wanafunzi wanapata shida kuelewa na kueleza mambo kwa Kiingereza, hazisemi mwanafunzi wa chuo hawezi kutoa ukurasa ulionyooka. Kuongea na kuandika ni stadi mbili, na kwa mzawa wa lugha kuongea kunatangulia, kwetu kumepinduka, mtu anaweza kukwama kabisa kujieleza kwa Kiingereza mbele ya jopo na bado akaandika kurasa thelathini safi, kwa sababu maisha yake yote Kiingereza amekutana nacho kwa kalamu. Mhadhiri anayeona kijana anababaika kuongea halafu anaona ripoti imenyooka na kusema hivi viwili haviwezi kuwa mtu mmoja, ametumia kipimo cha mtoto wa London kwa mtoto wa Sengerema. Na angalia alivyobanwa huyo kijana, akikosea Kiingereza ni kiwango duni, asipokosea ni mashine, hakuna mlango aliobakiziwa.

Upande wa wanaotetea wanafunzi nako kuna hoja naisikia inapendwa mno na siikubali. Aprili 2024 Paul Graham, mwekezaji maarufu wa teknolojia wa Marekani, aliandika kwamba aliletewa barua pepe ya kuomba ushirikiano akaona ina neno "delve" na hilo kwake ni dalili ya ChatGPT, Wanigeria wakamjia juu sana wakimwambia sisi hayo maneno tunayatumia tangu shule. Hapo walikuwa sahihi kabisa. Ila kutokana na hapo pakazaliwa maelezo kwamba ChatGPT inaandika hivyo kwa sababu waliolipwa kidogo kuifunza walikuwa Waafrika, kwa hiyo mashine imeiga Kiingereza chetu, kwa hiyo sisi ndo wenye asili na mashine ndo mwizi. Inapendeza kusikia lakini ushahidi wake ni dhana tu. Kazi inayojulikana zaidi iliyofanyika Nairobi kwa ajili ya OpenAI, ile iliyoripotiwa Januari 2023 kwamba watu walikuwa wanalipwa chini ya dola mbili kwa saa, ilikuwa ya kusoma na kuweka alama kwenye maandishi ya kutisha na ya matusi ili mashine ijifunze kuyakwepa, hawakuwa wanaifundisha kuandika insha. Na mwaka 2024 watafiti wa Berkeley, Eve Fleisig na wenzake, waliipima ChatGPT kwa aina kumi za Kiingereza, kikiwemo cha Kenya na cha Nigeria, wakakuta inarudisha sifa za Kiingereza sanifu cha Marekani kuliko nyingine zote, na ikiandikiwa kwa lahaja zile nyingine majibu yake yanakuwa na dharau na ubaguzi zaidi. Mashine ambayo inamdharau anayeiandikia kwa Kiingereza cha Kenya huwezi kusema imekuwa Mkenya. Kinachotufananisha nayo ni kwamba wote tumefunzwa na maandishi rasmi, yenyewe kwa mabilioni ya kurasa na sisi kwa kaunta buku, na wote tumezawadiwa kwa kutotoka nje ya mstari.

Tukilikubali hilo kuna mambo yanafuata ya kiutendaji kabisa. La kwanza, asilimia ya mtambo isiwe ushahidi peke yake kwenye shauri lolote la mwanafunzi, inaweza kuwa sababu ya kumuita na kuongea naye basi. La pili, maongezi hayo yafanyike kwa lugha anayoweza kujitetea nayo. Nyuma kule 1978 Penina Mlama na May Matteru waliandika ripoti iliyoandaliwa kwa ajili ya BAKITA kuhusu haja ya kutumia Kiswahili kwenye elimu ya juu, na kitu walichokieleza ni kile kile kila mwalimu wa hapa anakijua, swali likiulizwa kwa Kiingereza darasa linanyamaza, likiulizwa kwa Kiswahili mikono inapanda na mabishano yanaanza. Kama mhadhiri anataka kujua kijana ameielewa sura ya pili ya ripoti yake au kaiokota, amkalishe dakika kumi amwambie haya nieleze kwa Kiswahili ulifanya nini, kwa nini ulichagua wavuvi wa Igombe ukaacha wa Kayenze, huyu mwandishi uliyemtaja mnapishana wapi. Aliyetumia mashine bila kusoma hawezi kupita hapo. Aliyeandika mwenyewe atakueleza mpaka umwambie inatosha. Najua watu watasema darasa la mia tatu hakuna muda wa hivyo, ni kweli, lakini wanaopigwa asilimia kubwa sio wote mia tatu, na muda unaotumika kwenye rufaa, kuandika upya na vikao vya nidhamu nao ni muda.

La tatu linahusu watafiti wenyewe wa Kiingereza na hapa ndo naona pengo kubwa. Mradi wa kimataifa wa kukusanya aina za Kiingereza, ulioanzishwa na Sidney Greenbaum, ulilenga maneno milioni moja kwa kila sehemu, na sehemu ya Afrika Mashariki, Kenya pamoja na Tanzania, ilisimamiwa na Mjerumani Josef Schmied wa Chemnitz na ikakamilika mwaka 1999. Kazi kubwa na tunawashukuru, lakini hayo ni maandishi ya miaka ya tisini, kabla simu janja haijafika hata Nyamagana. Mkusanyo mwingine maarufu, ule wa insha za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza ulioanzishwa Louvain, Ubelgiji, na Sylviane Granger, toleo lake la 2020 lina wanafunzi wa lugha mama 25 na Kiswahili hakimo. Yaani mtu akitaka leo kupima kisayansi kama mtambo fulani unawaonea Watanzania hana hazina ya insha za Watanzania za kuupima nayo, na muuzaji akisema bidhaa yake haina upendeleo hatuna cha kumuonyesha. Na insha tunazo, zimejaa makabatini, nyingi ziliandikwa kabla ya Novemba 2022 na hakuna anayeweza kusema ni za ChatGPT. Idara za lugha za vyuo vyetu zikichukua insha elfu kadhaa za miaka hiyo, kwa ridhaa na bila majina, zikazipitisha kwenye kila mtambo unaouzwa hapa nchini, tutapata namba yetu wenyewe ya kusingiziwa, na kabla hiyo namba haijapatikana chuo hakina msingi wa kumfukuza wala kumshushia mtu maksi.

Mwisho kuna hili la haki sawa. Kipengele cha AI cha Turnitin kilianza na Kiingereza, baadaye wakatangaza Kihispania na Kijapani. Kwa kuwa Kiswahili hakimo kwenye lugha hizo walizotangaza, mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa Kiswahili, na wapo wengi tu, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanafanya hivyo kila mwaka, mtambo hauna la kumwambia. Kazi yake inapimwa na msimamizi anayemfahamu, aliyeona rasimu ya kwanza na ya tatu, na jopo linalomhoji ana kwa ana. Mwenzake anayeandika kwa Kiingereza naye ana msimamizi na ana rasimu zake, zianze kusomwa hizo kabla ya ile namba.